Mali ya Wagonjwa wa Akili Isiliwe na Wazima

Kula mali ya yatima ni jambo ambalo hata asiyeshika dini huliona aibu. Mlezi hukabidhiwa shamba la mtoto alitunze. Akilazimika kuliuza, fedha ni za mtoto, wala si za kuezekea nyumba yake yeye mlezi. Nawaomba tuitazame kwa jicho hilohilo ardhi ya hospitali za wagonjwa wa akili zinapofungwa. Serikali ndiyo mlezi, na wenye mali ni watu ambao mara nyingi hawana wa kuwasemea.

Tuanzie Uingereza, maana huko mambo haya yamefanyika kwa wingi. Mwaka 1851, kaskazini ya London, ilifunguliwa hospitali ya Colney Hatch, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Friern. Ushoroba wake ulikuwa na urefu wa zaidi ya nusu kilomita, na siku za msongamano ililaza watu zaidi ya 2,000. Ilikuwa na shamba lake, mahali pake pa kufulia na karakana zake. Waliolima, waliofua na walioshona walikuwa wagonjwa wenyewe, miaka nenda miaka rudi. Thamani ya mahali pale, basi, haikutoka kwenye kodi ya wananchi peke yake. Kuna jasho la watu waliofungiwa humo.

Mwaka 1961 waziri wa afya, Enoch Powell, alitangaza kwamba hospitali kubwa za namna hii zitakwisha, na kwamba vitanda vya wagonjwa wa akili vitapunguzwa nusu katika miaka 15. Mimi Powell simpendi, kwa maneno aliyokuja kuyasema mwaka 1968 juu ya wahamiaji, lakini katika hili aliona mbali. Friern ilifungwa mwaka 1993. Jengo lake leo ni nyumba za kifahari ziitwazo Princess Park Manor, zenye bwawa la kuogelea, na wanamuziki vijana wenye majina makubwa wamewahi kukaa humo.

Tusiseme uongo: waliotolewa Friern na hospitali mwenzake ya Claybury hawakumwagwa barabarani. Watafiti walioongozwa na daktari Julian Leff waliwafuatilia wagonjwa 670 hivi waliokuwa wamelazwa muda mrefu. Miaka mitano baada ya kutoka, wengi walikuwa wakiishi katika nyumba ndogo mitaani na hawakutaka kurudi wodini, na waliokosa makazi walikuwa wachache mno. Yaliwezekana hayo kwa sababu nyumba ziliandaliwa na fedha zilimfuata mgonjwa. Lakini haikuwako sheria ya nchi nzima iliyosema kwamba thamani ya ardhi yenyewe ni ya wagonjwa wa akili, hata wale watakaougua kesho. Fedha za viwanja zikiingia katika kapu moja la afya, hugombewa na moyo, figo na mifupa, na katika ugomvi huo mgonjwa wa akili hashindi. Hana mbunge wala chama cha wafanyakazi, na jamaa zake wanaona haya kusimama mbele za watu.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilifanya vizuri zaidi. Hospitali ya Dammasch, karibu na mji wa Wilsonville, ilifunguliwa mwaka 1961 ikafungwa 1995. Watunga sheria wa jimbo waliandika kwamba mapato ya kuiuza yawekwe katika mfuko wa makazi ya wagonjwa wa akili. Asilimia 95 isiguswe milele, na kinachotumika kiwe faida yake na kile kidogo kilichobaki. Aidha, kipande cha ardhi ileile kikatengwa kwa ajili yao, hata mtaa mpya wa Villebois uliojengwa hapo una nyumba za watu wenye maradhi ya akili katikati ya nyumba za majirani. Huo ndio ulezi.

Atakuja mtu wa hesabu aseme: kiwanja huuzwa mara moja, na muuguzi hulipwa kila mwezi. Kweli kabisa. Fedha za ardhi hujenga nyumba na vituo, lakini haziwezi kumlipa muuguzi anayezunguka mitaani na sindano zake mwaka hata mwaka. Hiyo ni kazi ya bajeti ya serikali, na serikali isijifiche nyuma ya mauzo. Na bei ya ardhi haina adabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilianguka Uingereza, wakati uleule hospitali zilipokuwa zikifungwa. Kwa hiyo nyumba za mtaani zijengwe kwanza, kwa mkopo ikibidi, ndipo lango la zamani lifungwe.

Wala si lazima kuuza. Trieste, Italia, alikofika daktari wa magonjwa ya akili Franco Basaglia mwaka 1971, hospitali ya San Giovanni ilifungwa, na bustani yake kubwa ikabaki mali ya umma. Leo ina idara za chuo kikuu, mkahawa wa ushirika na waridi za kila aina, na huduma za afya ya akili zimo humo pamoja na vituo vilivyotawanywa mjini.

Kwetu Afrika Mashariki, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, imekuwapo tangu 1910, na Mirembe ya Dodoma tangu 1927. Zilipojengwa zilikuwa pembezoni. Miji imekua ikazizunguka, na ardhi ya pembezoni imekuwa dhahabu. Sisemi zifungwe, kwa kuwa mitaani bado hatujaandaa cha kuzipokea kazi zake. Nasema sheria itungwe sasa, kabla ya mnunuzi kubisha hodi, kwamba ardhi ya hospitali hizi, ikiuzwa au ikikodishwa, fedha zake ziwekwe katika mfuko wenye wadhamini, na miongoni mwa wadhamini wawemo wagonjwa waliopona na jamaa zao.

Nawe msomaji, siku utakaposikia hospitali ya namna hii inahamishwa, muulize mbunge wako fedha zitawekwa mfuko gani na nani atazilinda, na umtake akujibu kwa maandishi.