Kompaila: Kikusanyi au Kifasiri?

Udhaifu mmoja wa uundaji wa istilahi za Kiswahili ni kulitafuta jina la kitu katika kamusi ya Kiingereza badala ya kulitafuta katika kazi ya kitu chenyewe. Kompaila ni mfano mzuri. Anayefuata kitenzi cha Kiingereza ataiita kikusanyi, wala hatakosa hoja: mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, alilichagua jina hilo kwa kuwa programu yake ilikusanya vijisehemu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunga pamoja. Kazi ikabadilika, jina likabaki. Kompaila ya leo huichukua matini ya programu na kuigeuza kuwa amri za mashine kabla amri hizo hazijatekelezwa. Hiyo ni tafsiri.

Kiswahili tayari kinamtenga mfasiri, anayeshughulikia matini, na mkalimani, anayeshughulikia usemi papo kwa papo. Kanisani Mikinduri, huko Tigania Mashariki katika Kaunti ya Meru, mhubiri mgeni hutamka sentensi moja kwa Kiswahili, mkalimani kando yake akaitoa kwa Kimeru, kisha akangoja nyingine. Biblia ya Kimeru iliyo mikononi mwa waumini, kinyume chake, ilikwisha kufasiriwa yote kabla ya ibada. Mwanafunzi wa sekondari wa hapo hufundishwa somo la kompyuta kwa Kiingereza, na tofauti ya kompaila na intapreta huikariri kwa ajili ya mtihani kana kwamba ni jambo geni. Ameiona Jumapili baada ya Jumapili, ila hakuna istilahi iliyomwonyesha.

Historia ya Lisp inaithibitisha tofauti hiyo kuliko ya lugha nyingine yoyote ya programu. John McCarthy aliianzisha katika chuo cha MIT mwaka 1958. Steve Russell akaiundia intapreta, yaani mkalimani: usemi husomwa, thamani yake hutafutwa, ndipo ufuate mwingine. Mwaka 1962 Tim Hart na Mike Levin waliiandika kompaila ya Lisp kwa Lisp yenyewe, wakaiendesha kwa msaada wa intapreta, nayo ikajifasiri. Hilo liliwezekana kwa kuwa programu ya Lisp ni orodha iliyofungwa katika mabano, na orodha ndiyo malighafi ambayo Lisp huifanyia kazi. Lisp ina lahaja pia. Scheme ilizuka mwaka 1975, na Common Lisp ikapata usanifu rasmi Marekani mwaka 1994. Anayeijua historia ya Kimvita na Kiunguja hatashangaa kwamba usanifishaji huo haukuzima lahaja nyingine.

Itasemwa kwamba mfasiri na mkalimani ni watu. Ngeli ya KI-VI ipo: kifasiri na kikalimani. Neno la pili linachekesha kidogo, lakini ngamizi na tarakilishi nayo yalichekesha.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu za kompyuta zikasema Kiswahili. Ilikuwa kazi njema, ila ilimhudumia mtumiaji. Anayetaka kuijua mashine kwa ndani bado hulazimika kuiacha lugha yake mlangoni, na jina kama kikusanyi halimfungulii, kwa maana linamweleza asichokiona.

Ugumu wa kweli uko kwingine. SBCL, kompaila ya Common Lisp iliyotokana na CMUCL mwaka 1999 na ambayo watunzaji wake hutoa toleo jipya takriban kila mwezi, kwa kawaida huufasiri hata usemi mmoja unaochapwa papo hapo kuwa lugha ya mashine, ndipo iutekeleze. Kwa mtazamaji inafanana na mkalimani wa Mikinduri. Hata hivyo tafsiri imetangulia utekelezaji, ijapokuwa kwa kufumba na kufumbua, na kwa kigezo hicho SBCL nayo inastahili kuitwa kifasiri.