Kaye ya shimo ikiingia kwenye kompyuta, nani atashika ufunguo?

Kooperative ya wachimbaji ikitaka kuacha kaye na kuingiza kazi yake ndani ya kompyuta, swali la kwanza kwenye biro huwa moja tu: programu ni bei gani? Sisi tunasema kuna maswali matatu ya kuuliza mbele ya hilo. Inalipwa kwa namna gani? Inakaa kwa masini ya nani? Na siku ikikwama, nani atakuja kuitengeneza? Haya si maneno ya watu wa biro peke yao. Yanagusa mfuko wa mchimbaji na sahani ya watoto wake.

Kila mtu aliyefanya kazi Manguredjipa, au kwenye machimbo mengine ya Lubero na Beni, anajua hesabu ya shimo. Mbele ya kuona dhahabu, miezi inaweza kupita. PDG wa shimo anatoa chakula, kamba, misumari, miti ya kushikilia udongo, mafuta ya pompe ya kutoa maji. Vyote vinaandikwa. Siku udongo mzuri unatoka, matumizi yale yanakatwa kwanza, na kinachobaki ndicho kinagawanywa. Kwa hiyo mwenye kushika kaye njo mwenye kushika mgawanyo. Mama aliyebaki Butembo na deni ya masomo na deni ya unga kwa duka, hana namna ya kujua kama lita 60 za mafuta zilizoandikwa zilikuwa kweli 60.

Programu ya kufuata kazi inaweza kufanya kaye hiyo isomwe na wengi: kazi gani imefunguliwa, nani amepewa, imeisha siku gani, imekula feza ngapi. Ni kitu kizuri, hatukikatai. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji mwenye karte awe ndani ya kooperative. Na kooperative yenye watu wengi haiwezi kuendeshwa kwa kumbukumbu ya karani mmoja.

Lakini tuangalie bei. Programu nyingi za intaneti zinauzwa kwa kichwa na kwa mwezi. Tuseme ni dola 8 kwa mtu mmoja. Mukiingiza watu 40, ni dola 320 kwa mwezi, dola 3.840 kwa mwaka. Kooperative itafanya nini? Itapunguza vichwa. Prezida, karani na mweka hesabu watapewa ufunguo: dola 24 tu kwa mwezi, basi. Wachimbaji 37 watabaki nje, kama zamani, wakiambiwa tu kwamba « kompyuta imesema ». Hapo bei yenyewe imeamua nani ataona na nani hataona. Na sisi tunajua kazi yetu: wiki hii watu ni mia kwa sababu shimo limetoa, wiki ijayo wameondoka wote. Kulipa kwa kichwa hakufai kazi ya namna hii.

Kuna ubaya mwingine, wa kukata kwa gramu. Walio kwa coltan na kasiterite wanajua etiketi za iTSCi. Mpango ule unalipiwa kwa uzito wa mzigo, na mwenye kulipa ni wale wa juu wanaouza nje. Lakini malalamiko ya wachimbaji ni ya miaka mingi: mwishoni gharama inateremka mpaka kwenye kilo ya yule wa chini. Tusiruhusu jambo lile lile liingie kwenye dhahabu kwa mlango wa kompyuta.

Sasa, masini ya nani? Programu ikikaa mbali, kwenye masini za Ulaya au Marekani, inaishi kwa intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Sisi wa Beni na Butembo hata hatukupiga kura siku ile: uchaguzi wetu ulisogezwa mpaka Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama. Kukatiwa, tulikatiwa sawasawa na wengine. Wiki tatu bila hesabu kwenye shimo, watu wanapigana.

Kwa hiyo tunaona afadhali programu ikae kwenye masini yetu wenyewe, ndani ya biro yetu, na ifanye kazi hata bila mega. Lakini tusidanganyike, kununua masini hakutoshi. Sosiete ya Australia inayoitwa Atlassian, yenye programu ya Jira, iliuzia watu wengi duniani leseni za kuweka kwenye masini zao. Tarehe 2 Februari 2021 iliacha kuuza leseni mpya za namna ile, na tarehe 15 Februari 2024 iliacha kuzisaidia. Aliyetaka kubaki na Jira kwenye masini yake aliambiwa anunue namna nyingine, ambayo bei yake ilianzia kwa watu 500. Nyumba ilikuwa yako, lakini ufunguo ulibaki kwa muuzaji.

Ndiyo maana tunapenda programu zenye kodi iliyo wazi. Redmine iko tangu 2006, na OpenProject nayo iko na sehemu ya bure. Hakuna mtu anaweza kukunyang'anya ulichokwisha kuweka. Fundi yeyote mwenye akili anaweza kuifungua, akaitengeneza, akaandika maneno yake kwa Kiswahili.

Hapa wengi wanakosea: wanafikiri bure maana yake hakuna kulipa. Bure ni nakala tu. Kazi si bure. Kuna mtu wa kuisimamisha, kulinda betri ya sola isife, kufanya nakala kila juma, kufundisha karani mpya, na kuja mbio siku masini haiwaki. Huyu anastahili mshahara. Vyuo vya Butembo na Beni vinatoa vijana wa informatike kila mwaka, na wengi wanaishia kuuza inite. Tuwape kazi hii. Fundi wa karibu ana thamani kubwa: tangu M23 ilichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo imehamia Beni, na benki za Goma zilifunga milango. Aliyekuwa anategemea fundi wa Goma, leo anategemea nani?

Wengine watatuambia: masini ya biro inaweza kuibiwa au kuchomwa moto, afadhali vitu vikae Ulaya. Neno hilo ni la kweli, hatulicheki. Watu wa Bapere na wa Beni hawahitaji kufundishwa jinsi biro inavyochomwa. Dawa yake ni nakala mbili: diski moja Butembo, moja Beni, zote zikifungwa kwa neno la siri. Na tusiandike kila kitu. Orodha yenye majina, nyumba za watu na gramu walizopata, ikiangukia mikono ya wenye silaha, ni orodha ya watu wa kuteka. Iandikwe kazi, matumizi na namba ya karte, basi.

Kwa hiyo tunaomba kila kooperative, mbele ya kutia sahihi, ilete mkataba kwenye asamble jenerali, na usomwe kwa sauti. Bei iwe moja kwa biro nzima, watu wawe 10 au 200. Itoke kwenye kasa ya kooperative, isikatwe kwa gramu ya mchimbaji. Fundi alipwe kila mwezi akiisha kufanya kazi, na mkataba useme atafika ndani ya siku ngapi. Siku tukiachana naye, atuachie hesabu zetu zote na neno la kufungulia. Na kila mwanachama, hata mjane wa mwanachama, awe na haki ya kuingia biro na kuonyeshwa hesabu ya shimo lake bila kulipa kitu.

Muuzaji akikataa hayo, turudilie kaye. Kaye angalau tunajua iko kwenye meza ya nani.