Damu ya Ndugu na Damu ya Jirani

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alinijia barazani, naye ana uchungu moyoni. Mkewe alipojifungua alitokwa na damu nyingi mno, na mwalimu akakunja mkono wa kanzu yake, akamwambia daktari, "Nitwae mimi, maana sisi tu mwili mmoja." Daktari alipima tone la damu yake, akamkataa. Damu iliyomponya mama yule ilikuwa ya mtu asiyejulikana, iliyokuwa imewekwa akiba katika baridi. Sasa majirani wanong'ona kwamba ndoa ile ina ila. "Ndugu yangu, damu yangu ina kosa gani?"

Nilimjibu kwamba haina kosa lolote. Yake ni ya kundi la A, ya mkewe ni ya O.

Zamani hata mabingwa wa Ulaya hawakujua kwa nini mgonjwa mmoja aliyetiwa damu ya mwenziwe hupona, na mwingine hufa upesi. Ndipo Karl Landsteiner, daktari wa mji wa Vienna, alipochanganya damu za wenziwe wa kazini, akaona nyingine zikishikamana mabonge. Mwaka 1901 alitangaza makundi matatu, na la nne likatambulikana 1902. Chembe nyekundu za damu zina alama: ziko zenye A, ziko zenye B, ziko zenye zote mbili, nazo ndizo AB, na zisizo na hata moja ndizo O. Tena katika maji ya damu, yaitwayo plazima, mna askari waipigao alama iliyo ngeni kwao. Mama yule wa O ana askari wa kuipiga A, na wa kuipiga B pia. Kama angalitiwa damu ya mumewe, chembe zile zingalivunjwa ndani ya mishipa, na figo zingaliweza kuharibika, hata kufa angaliweza kufa.

Basi mume na mke hawana sababu ya kulingana. Wala mtoto si lazima afanane na wazazi wake: baba wa A na mama wa A waweza kumzaa mtoto wa O, kwa kuwa kila mmoja aweza kuwa na O aliyoirithi, imejificha chini ya A. Nalisema hili kwa nguvu, maana nimeona mwanamke akitukanwa kwa ajili ya karatasi ya hospitali ambayo msomaji wake hakuielewa.

Iko na alama nyingine, Rh. Mama asiye nayo akichukua mimba ya mtoto aliye nayo, mwili wake waweza kufanya askari watakaomdhuru mtoto wa mimba ifuatayo. Dawa ya kulizuia jambo hili hutengenezwa kwa plazima ya watu wachache. Mmoja wao alikuwa James Harrison wa Australia, aliyetiwa damu za watu wengine alipokuwa na miaka 14. Alianza kutoa mwaka 1954, akaacha 2018, amekwisha kutoa zaidi ya mara 1,100.

Mtu atoaje mara nyingi hivyo asidhoofike? Mashine huitenga plazima, na chembe nyekundu hurudishwa mwilini papo hapo. Kwa njia hiyo hiyo hutolewa vichembe vya kugandisha damu, ambavyo havikai akiba ila siku chache. Hapa ajabu yageuka: chembe nyekundu za O, zisizo na Rh, ndizo zifaazo karibu watu wote, bali kwa plazima mwenye kuwafaa wote ni yule wa AB, maana hana askari wa kuipiga A wala B.

Huku kwetu wengi hutoa damu nzima, kadiri ya mililita 450, na mtoaji awe na kilo 50 au zaidi. Hupimwa kwanza wingi wa damu yake, na baadaye damu hiyo hutazamwa kama haina Ukimwi, homa ya ini wala kaswende. Mwanamume hungoja miezi 3 kabla ya kutoa tena, mwanamke miezi 4. Chembe nyekundu hukaa katika baridi hata siku 42, zisizidi. Ndiyo sababu akiba huisha upesi, hasa shule zifungwapo, maana wanafunzi ni watoaji wakubwa.

Mwalimu yule alikwenda juma lililopita, akanywa maji kwanza kama alivyoagizwa, akatoa. Mkewe alitaka kufuatana naye, lakini ananyonyesha bado, akaambiwa angoje.