Marehemu anapoendelea kutuchekesha

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, aliyeumba mauti na uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, ni nadra kuikuta nyumba, tangu Bagamoyo hadi Tanga, ambayo watoto wake hawakuchekeshwa na Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto. Alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 70, akazikwa kwao Tanga. Walikuwa wamemtangulia Hussein Mkiety, yaani Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza Novemba 2012, na Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyefariki Juni 2014.

Waliokuwa wadogo wakiwatazama sebuleni au katika mabanda ya video, leo ni baba na mama. Wanapomkumbuka marehemu, humkumbuka pia bibi aliyekuwa akicheka pembeni, na ndugu waliogombania nafasi mkekani. Huzuni ya namna hiyo si ya kubezwa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, wala hakutamka ila linalomridhisha Mola wake.

Hata hivyo, zamani aliyekufa alitoweka machoni. Leo sura yake ingali inacheka kwenye runinga na simu, na mtoto mdogo huuliza: "Babu huyu anakaa wapi?" Wazazi wengi hulikwepa swali hilo, ilhali ndilo darasa lenyewe. Mtoto aelezwe kwa upole kuwa picha imebaki, mwenyewe ameondoka. Kicheko chetu hakimfai kitu, kinachomfaa ni dua.

Lakini dua haiondoi wajibu wa kulipa haki. Mwaka huohuo wa 2018, serikali iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, akiwemo Majuto, kufuatia malalamiko kwamba kazi na sura zao zilitumika kibiashara bila ya malipo stahiki. Sheria yetu iko wazi: deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na alichokuwa akidai huwa mali ya warithi wake. Kifo hakimfutii mdaiwa deni lake.

Watu wa Bagamoyo wanalijua hili zaidi, kwani chuo cha sanaa kilianzishwa mjini kwao mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Wameshuhudia vijana wakijifunza uigizaji kwa jasho. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Basi anayenakili filamu ya marehemu na kuiuza bila idhini, au anayeibandika sura yake katika tangazo la duka lake, na ajiulize: je, hali mali ya wajane na mayatima?

Ewe mzazi, mwanao akicheka leo mbele ya runinga, mwache acheke, kisha mfundishe kumwombea rehema aliyemchekesha. Nawe usinunue nakala ya wizi. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumemlipa marehemu sehemu ya furaha aliyotupa tungali wadogo.

Allah awarehemu waliotutangulia, nasi atujaalie mwisho mwema. Amin.