Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Goti Limebadilishwa, Usingizi Haujarudi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu wagonjwa ambao hospitali imekwisha kuwahesabu kuwa wamepona, lakini saa nane za usiku wameketi kitandani wakisugua goti.

Kubadilishiwa goti au nyonga hapa nchini ni hatua ya kujivunia. Wengi tunakumbuka enzi ambazo upasuaji huo ulikuwa safari ya India. Leo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, inaufanya, na wengi waliofanyiwa wanatembea na kufanya shughuli zao. Siandiki kuwatisha wanaosubiri zamu.

Lakini kuna jambo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu watano waliobadilishiwa goti, takriban mmoja hubaki na maumivu yanayomsumbua kwa muda mrefu. Kwa nyonga, takriban mmoja katika kumi. Shirika la Afya Duniani limeyaingiza maumivu ya namna hii katika orodha yake mpya ya magonjwa: yakiendelea kupita miezi mitatu baada ya upasuaji, yanahesabiwa kuwa maumivu sugu. Mzee anayeyalalamikia hadeki.

Mama yangu ni mmoja wao. Alipotoka hospitali alielezwa mazoezi na siku ya kutoa nyuzi. La kufanya usingizi unapokatika kila akigeuka ubavu, hakuelezwa. Aliporudi kulalamika, akajibiwa kwamba picha inaonyesha kiungo kimekaa vizuri. Kweli kilikaa vizuri. Ila picha ya mfupa haionyeshi neva iliyochokozwa, wala haihesabu saa alizokesha.

Mheshimiwa, kukesha huku si jambo la pembeni. Mwili ulionyimwa usingizi husikia maumivu zaidi, na maumivu yakizidi usingizi hukimbia. Aliyekesha hana nguvu za mazoezi, na goti lisilokunjwa na kunyooshwa hukakamaa. Mwisho mgonjwa anaishia duka la dawa. Anameza diklofenaki mwezi baada ya mwezi, dawa inayoweza kuchubua tumbo na kuumiza figo. Kisha mtu mwenye nia njema anamletea tramadoli na diazepamu apate kulala. Hizo mbili zikimezwa pamoja zinaweza kudhoofisha pumzi mpaka mtu asiamke. Tena maumivu hayo huenda ni dalili ya maambukizi au ya kiungo kulegea. Vidonge vikiyanyamazisha, tatizo linagundulika limeshakomaa.

Wala si wazee peke yao. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu. Ugonjwa huo unaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukikosesha damu, na kijana mbichi akajikuta anahitaji nyonga ya bandia. Huyo anayo miaka mingi ya kuishi nayo.

Njia ya kuwasaidia ipo na imejaribiwa. Watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwaita kliniki wagonjwa waliokuwa bado na maumivu miezi mitatu baada ya kubadilishiwa goti, wakawachunguza, wakawapeleka kwa mtaalamu anayehusika, kisha wakawafuatilia kwa simu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha maumivu yao yalipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hakuna mashine ya bei kubwa hapo.

Naomba uagize kila hospitali inayobadilisha viungo impigie mgonjwa wake simu mwezi wa tatu baada ya upasuaji, na katika maswali liwemo hili: unalala kwa saa ngapi, na nini kinakuamsha? Naomba hospitali za wilaya zipate wataalamu wa fiziotherapia, mtu wa Namtumbo asilazimike kupanda basi hadi Dar es Salaam kwenda kunyoosha goti. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, naomba kitita cha mafao kiuhesabu ufuatiliaji huu kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe.

Namba za simu za wagonjwa zimo kwenye mafaili. Tunaomba zianze kupigwa mwaka huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti anayemuuguza mama yake