Pambano la ngumi lisimalizwe mezani



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe maoni yangu kuhusu masharti ya pembeni ambayo mabondia wa ngumi za kulipwa huwekeana kabla ya kupanda ulingoni, mbali na kanuni rasmi za mchezo wenyewe.

Nimelazimika kuandika kwa sababu mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha hapa kijijini, ambaye sasa ni bondia, alinijia na karatasi tisa za mkataba wa pambano la nje ya nchi. Zote zilikuwa kwa Kiingereza. Yeye alitaka nimsomee mahali palipoandikwa fedha na tarehe ya safari, basi. Nilipofika karatasi ya sita nikakuta kifungu kinachosema kwamba baada ya kupimwa uzito siku moja kabla ya pambano, atapimwa tena asubuhi ya siku yenyewe, na asiwe ameongezeka zaidi ya kilo nne. Akizidi, atakatwa theluthi ya malipo yake. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akanijibu, "Mwalimu, hayo anayajua meneja."

Kwa wasomaji wasiofuatilia mchezo huu nieleze kidogo. Bondia hupimwa uzito siku moja kabla ya kupigana. Wengi hujikausha maji mwilini ili wafikie uzito unaotakiwa: hawanywi, wanakimbia wamevaa nguo nzito, wanakaa kwenye chumba cha mvuke. Wakishapimwa hula na kunywa ili nguvu zirudi. Sasa lile sharti la kupimwa mara ya pili linamzuia mtu kurudisha maji aliyoyapoteza. Anapanda ulingoni mkavu, na madaktari wa michezo wameonya kwa miaka mingi kuwa kupigwa kichwani katika hali hiyo ni hatari.

Sharti hili halikuanzia kwa kijana wangu. Aprili 26, 2025, kule London, Chris Eubank Jr alipigana na Conor Benn katika uzani wa kati, yaani ratili 160, ambazo ni kama kilo 72 na nusu. Eubank ndiye aliyekuwa mkubwa wa mwili. Benn alikuwa amepanda kutoka uzani wa chini. Walikubaliana kuwa asubuhi ya pambano mtu asizidi ratili 170. Siku ya kupima, Eubank alizidi kwa sehemu tano tu ya mia ya ratili moja. Nimepiga hesabu, ni gramu 23 hivi, uzito wa vipande vichache vya chaki. Kwa gramu hizo alitozwa pauni 375,000 za Uingereza. Alishinda kwa pointi usiku ule, lakini kutoka ulingoni alipelekwa hospitali. Waliporudiana Novemba mwaka huo huo, Benn akashinda.

Mtu atasema sharti lilikuwa la wote wawili. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini ukiwaambia mtoto mrefu na mtoto mfupi wapite chini ya kamba iliyofungwa chini, umewapa sheria moja, ila mmoja ndiye atakayeinama. Mwaka 2023 mjini Las Vegas ilikuwa hivyo hivyo. Gervonta Davis na Ryan Garcia walikubaliana ratili 136, uzito ambao haumo katika madaraja rasmi, na tena wasizidi ratili 146 siku ya pambano. Garcia ndiye aliyekuwa akipigana katika uzani wa juu zaidi. Alipigwa ngumi ya ubavuni raundi ya saba, akapiga goti, akahesabiwa hadi kumi.

Wala si uzito peke yake. Wazee wa ngumi watakumbuka Aprili 6, 1987, Sugar Ray Leonard alipomvua ubingwa Marvin Hagler. Hagler alikuwa bingwa tangu 1980 na hakuwa amepoteza pambano tangu 1976. Leonard alikuwa amepigana mara moja tu katika miaka mitano. Lakini watu wake waliingia mezani wanajua wanachokitaka. Walitaka raundi 12 badala ya 15, kwa sababu Hagler alikuwa mtu wa kumaliza kwa nguvu. Walitaka glovu za aunsi 10, ambazo ni nene kuliko za aunsi 8. Walitaka ulingo mpana wa futi 20 ili mtu wao apate pa kukimbilia. Upande wa Hagler ulikubali, nao ukapata fungu kubwa zaidi la fedha. Majaji wawili walimpa Leonard, mmoja akampa Hagler. Mpaka leo watu wanabishana nani alishinda, lakini mimi naona ubishi huo unasahau kuuliza zile raundi tatu zilikwenda wapi. Hagler hakupigana tena hadi alipofariki mwaka 2021.

Tena mwenye fedha anaweza kulivunja sharti akalilipia. Septemba 2009 Floyd Mayweather alikubaliana na Juan Manuel Márquez wapigane kwa ratili 144. Akaja na 146. Akatoa dola 600,000, akaingia ulingoni akiwa mzito kuliko walivyopatana, akashinda. Ni bondia gani wa kwetu anayeweza kutoa hata sehemu ya mia ya fedha hizo?

Sikatai kwamba makubaliano yana faida. Bila hayo mtu wa uzani mdogo asingeweza kukutana na mkubwa, na watazamaji wangekosa mapambano mazuri. Pia wapo watakaosema hao ni watu wazima, hakuna aliyeshikwa mkono akasaini. Nakubali kwa Leonard na Hagler, maana kila mmoja alikuwa na wakili wake. Aidha, shirikisho la IBF limewahi kuwa na kanuni yake ya kupima mara ya pili katika mapambano ya ubingwa, bondia asizidi ratili 10. Hiyo siipingi sana, kwani iliwekwa na chombo kinachosimamia mchezo na kila aliyeutaka mkanda wao aliijua kabla. Ninachopinga ni sharti linalotungwa na upande wenye jina ili limpunguze nguvu mtu mmoja anayejulikana, kisha asiambiwe.

Mabondia wetu wengi wakienda nje huitwa kama wageni, wakutane na mtoto wa nyumbani mbele ya watu wake. Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham mwaka 2018 kwa namna hiyo, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili. Tulifurahi sana. Lakini ushindi wa namna ile unataka mtu afike na nguvu zake zote.

Kwa hiyo naiomba Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa isimruhusu bondia kusafiri mpaka mkataba wake wote, pamoja na vifungu vya pembeni, umewekwa kwa Kiswahili na kusomwa mbele yake, meneja akiwapo. Na kifungu cha kupimwa mara ya pili kipitiwe na daktari, si promota. Waandishi wa michezo nao watutangazie masharti hayo kabla ya pambano, ili tukiona kijana wetu amelegea raundi ya tano tusikimbilie kusema ni mvivu wa mazoezi.

Yule kijana hajasaini. Nimempa hesabu ya kilo zake kwenye daftari, anazopima sasa na zile atakazoruhusiwa kuwa nazo asubuhi ile, akaenda kumwuliza meneja. Karatasi zake bado ziko mezani kwangu, na Jumamosi atazifuata.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.