Pikipiki ya pili isiwe pacha wa ya kwanza

Mfanyabiashara wa Kariakoo akipata faida, mara nyingi hununua pikipiki ya pili iliyo sawa na ya kwanza. Nadhani hilo ni kosa. Boxer ya cc 100 au 125 inatosha kupenya foleni ya Msimbazi na kumfikishia mteja maboksi mawili. Lakini kama mzigo wako ni magunia ya viazi, utakodi guta kila asubuhi huku pikipiki mbili zimeegeshwa. Basi ya pili iwe guta.

Kabla ya kulipa, andika safari zako za wiki nzima: mzigo, umbali na mafuta. Kisha pita Gerezani uulize bei za spea. Chombo kisicho na spea kitakula mtaji.